Vindolanda, Gabii, Pompeii au Stobi: wapi uende kujifunza kuchimba magofu ya Kirumi

Matangazo ya shule za uchimbaji za Ulaya yanafanana sana. Vijana wenye kofia za jua, mwiko mkononi, ukuta wa mawe nyuma yao, na ahadi kwamba utaishika historia kwa mikono yako mwenyewe. Kwa mtu anayeomba nafasi akiwa Dar es Salaam, Nairobi au hata Toronto, picha hizo hazisaidii kuchagua. Bei inasaidia kidogo, tarehe zinasaidia zaidi, lakini swali ninaloona litangulie yote ni hili: udongo wa mahali hapo umehifadhi nini? Hicho ndicho utakachojifunza kukichimba, kukisafisha, kukichora na kukiandika. Shule mbili zenye ada sawa na muda sawa zinaweza kukutoa na ujuzi tofauti kabisa, moja ikakufanya mtu wa ngozi na mbao, nyingine mtu wa kuta na sakafu.

Nimechukua maeneo manne: Vindolanda iliyoko Uingereza, Gabii na Pompeii za Italia, na Stobi ya Makedonia Kaskazini. Nitakaa zaidi kwenye Vindolanda na Gabii, kwa kuwa ndizo zinazotofautiana hasa, kwa udongo na kwa namna ya kufundisha. Pompeii ina jina kubwa kuliko zote, na jina hilo linahitaji kuangaliwa kwa makini. Stobi wengi hawaijui, na nadhani wanakosa kitu.

Vindolanda: tope lisilo na hewa

Vindolanda ipo Northumberland, kusini kidogo tu mwa Ukuta wa Hadrian, uliokuwa mpaka wa dola ya Warumi kaskazini mwa Uingereza. Ngome ya kwanza hapo ilijengwa katika miaka ya 80 BK, kabla Kaizari Hadrian hajaamuru ukuta wenyewe ujengwe mwaka 122. Kikosi kilikaa, kikahama, kikaja kingine. Kila waliofika walibomoa majengo ya mbao ya waliowatangulia, wakatandaza udongo wa mfinyanzi na mabonge ya nyasi juu ya kifusi, wakajenga upya. Ngome tisa zilikaa hapo moja juu ya nyingine. Kule kufunikwa ndiko kulikookoa vitu: udongo wa chini ulishiba maji, hewa ikakosa njia, na vijidudu vinavyoozesha mbao na ngozi vikashindwa kufanya kazi yao. Vitu ambavyo kwingine huoza baada ya miaka michache, hapa hutoka ardhini mshono ukiwa bado unaonekana.

Viatu vya ngozi peke yake vimepita 5,000, vya askari, vya wanawake, vya watoto wadogo. Mwaka 2017 zilitoka glavu za ngozi za mabondia. Lakini kilichoipa Vindolanda sifa ni barua. Machi 1973 mwanaakiolojia Robin Birley alipata vijibao vyembamba vya mbao vilivyogandana, na alipovitenganisha akakuta wino ndani. Tangu hapo vimepatikana mamia: orodha za chakula, maombi ya likizo, ripoti za zamu. Kuna barua ya mtu anayetumiwa soksi na nguo za ndani. Kuna ya ofisa Masclus anayeomba wenzake wapelekewe pombe kwa sababu imewaishia. Na kuna mwaliko ambao Claudia Severa alimwandikia Sulpicia Lepidina, mke wa kamanda, karibu mwaka 100 BK, akimwomba aje kwenye sherehe ya siku yake ya kuzaliwa tarehe 11 Septemba. Mwandishi wa kazi ndiye aliyeandika sehemu kubwa, lakini Severa aliongeza salamu za mwisho kwa mkono wake, na maneno hayo ni miongoni mwa maandishi ya Kilatini ya kale kabisa yanayojulikana kuandikwa na mwanamke.

Mimi kibao kinachonigusa zaidi ni cha hesabu, chenye jina la askari Gambax na pilipili manga ya dinari mbili. Pilipili hiyo ilitoka India. Ilivuka bahari kwa pepo zilezile za msimu ambazo majahazi yetu yameishi nazo, ikafika bandari za Warumi kwenye Bahari ya Shamu, ikapanda Misri, ikavuka Mediterania, ikaishia kwenye jiko la kambi yenye mvua kaskazini mwa Uingereza. Anayedhani akiolojia ya Kirumi haimhusu mtu wa mwambao wa Afrika Mashariki akitafakari kibao hicho.

Sasa, mtu anaingiaje? Uchimbaji unaendeshwa na Vindolanda Trust, shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1970. Familia ya Birley imekuwapo hapo tangu Eric Birley alipolinunua eneo mwaka 1929. Leo mjukuu wake, Andrew Birley, ndiye anayeongoza kazi. Kila msimu, kuanzia majira ya kuchipua hadi Septemba, wanapokea mamia ya watu wanaojitolea kwa vipindi vya wiki mbili. Hutakiwi kuwa na uzoefu wala kuwa mwanafunzi. Utamkuta mwalimu mstaafu anayerudi kila mwaka, muuguzi aliyechukua likizo, na kijana anayepima kama kazi hii inamfaa. Unalipa mchango wa mamia ya pauni, si maelfu, na malazi na chakula ni juu yako. Nafasi hufunguliwa mwishoni mwa mwaka uliotangulia na huisha upesi mno.

Kuna mlango wa pili ambao watu huusahau. Western University ya Ontario, Kanada, imekuwa ikiendesha shule yake ya uchimbaji hapohapo Vindolanda tangu mwaka 2012, ikiwa na mihadhara, safari za kutembelea maeneo mengine ya Ukuta, na alama za chuo (krediti) zinazohesabiwa kwenye shahada. Udongo ni uleule, lakini ufundishaji ni tofauti. Aliye Kanada, au anayehitaji alama rasmi, aanzie hapo.

Tahadhari moja. Usiende ukidhani siku ya tatu utashika barua. Matabaka ya juu ni ya ngome za mawe za karne ya 3 na 4, na huko utakuta mawe, vigae vya vyungu, mifupa ya ng'ombe na misumari. Tabaka lisilo na hewa hufikiwa katika baadhi ya mashimo tu, na nani anapangiwa wapi ni uamuzi wa wasimamizi. Utainama siku nzima, mara nyingi kwenye mvua, ukijaza toroli na kusukuma.

Gabii: mji uliokufa ukabaki wazi

Gabii ipo kilomita zipatazo 18 mashariki mwa Roma, kando ya barabara ya kale ya Via Praenestina, kwenye ukingo wa shimo la volkeno lililokuwa ziwa hadi lilipokaushwa karne ya 19. Zamani sana Gabii na Roma zilikuwa miji jirani yenye hadhi ya kukaribiana. Wasimulizi wa kale walisema Romulus na Remus walipelekwa kusomeshwa Gabii. Katika makaburi ya Osteria dell'Osa, karibu na hapo, kilipatikana chombo chenye herufi zilizochorwa karibu mwaka 770 KK, miongoni mwa maandishi ya alfabeti ya zamani kabisa katika Italia yote.

Kisha Roma ikakua na Gabii ikanyauka. Mawe ya machimbo yake yalijenga Roma, watu wakapungua, na kufikia nyakati za makaizari sehemu kubwa ya mji ilikuwa imeachwa. Hakuna aliyejenga mji mpya juu yake. Anayetaka kuona Roma yenyewe ilivyokuwa katika karne ya 5 au ya 8 KK lazima apite chini ya makanisa, majumba, barabara na reli. Akichimba Gabii anaondoa udongo wa shamba tu, na kuta zinaanza kuonekana.

Mradi unaongozwa na Nicola Terrenato wa University of Michigan. Walianza kwa kupima usumaku wa ardhi mwaka 2007, wakaona ramani ya mitaa kabla hawajagusa jembe, wakaanza kuchimba mwaka 2009. Mwaka huohuo wakapata jeneza la risasi lenye uzito wa karibu kilo 450, limekunjwa kumzunguka marehemu. Tangu hapo wamefungua eneo kubwa lililo wazi, si vishimo vya mita mbili kwa mbili. Hilo ni jambo la msingi. Ukichimba kishimo kidogo unaona tabaka bila kuona nyumba. Ukifungua mtaa mzima unaona jinsi nyumba ya karne ya 3 KK ilivyokalia ile ya karne ya 5, jinsi mlango ulivyozibwa, jinsi kisima kilivyogeuzwa jalala, na chini kabisa makaburi ya watoto wachanga wa familia za wakubwa waliozikwa karibu na makazi.

Udongo wa Gabii hauhifadhi ngozi wala mbao. Unahifadhi mfuatano. Mwanafunzi anafundishwa kuuliza kila mara: kipi kilikatwa na kipi, ukuta upi ulikuwapo mwingine ulipojengwa, takataka hizi ziliingia kabla au baada ya sakafu? Kila tabaka linapewa namba na maelezo yake, linapimwa, linapigwa picha nyingi ambazo kompyuta inaziunganisha kuwa umbo la pande tatu. Gabii walikuwa kati ya miradi ya mwanzo kuacha makaratasi na kuandika moja kwa moja kwenye tableti shimoni, na baadaye wakachapisha nyumba waliyoichimba kwa namna ambayo msomaji anaweza kuizungusha kwenye skrini.

Msimu wa wanafunzi ni wa wiki tano hivi, Juni na Julai. Wanaishi Roma na kusafirishwa kila asubuhi. Wanazungushwa kati ya uchimbaji, meza ya kuoshea na kupanga vigae, vipimo, na mabaki ya mimea na wanyama. Joto la Julai hupita nyuzi 30 na kivuli ni haba. Ada ni maelfu ya dola, na hilo ndilo linalowakatisha wengi tamaa.

Unafundishwa nini hasa

Hapa ndipo maeneo haya mawili yanapoachana. Vindolanda, anayejitolea hupata mikono. Atajua kutofautisha udongo kwa rangi na ugumu, atajua kukwangua bila kukata, atajua namna ya kusimamisha kazi pale kitu laini kinapochungulia na kumwita msimamizi. Kuandika kumbukumbu, kupima na kuchora kwa kiasi kikubwa hubaki kwa wataalamu. Kwa wiki mbili hilo ni sawa kabisa, na wanaofanya hivyo wanachangia kazi ya kweli.

Gabii, kuandika ndiyo kazi. Ukirudi chuoni ukaulizwa ulichimba nini, utaweza kueleza mfuatano wa tabaka ulizozishughulikia, utakuwa umejaza fomu zake, na jina lako litakuwa kwenye kumbukumbu za mradi. Kwa mwanafunzi wa akiolojia tofauti hii ni kubwa mno, kwa sababu kuchimba bila kuandika ni kuharibu: tabaka likishaondolewa halirudi. Aliyejua kuandika tabaka la Gabii anaweza kesho kuandika tabaka la Songo Mnara, magofu ya mji wa Waswahili karibu na Kilwa, ambako pia kuna nyumba za mawe zenye milango iliyozibwa, sakafu za chokaa zilizorudiwa na vyumba vilivyoongezwa.

Kwa upande mwingine, hakuna atakayekufundisha Gabii namna ya kuinua kipande cha ngozi iliyolowa maji bila kukikausha. Anayetaka kuwa mhifadhi wa vitu vya makumbusho ana sababu nzito ya kutazama Vindolanda, ambako makumbusho na maabara vipo palepale penye mashimo. Na wakati unabana. Majira ya ukame na mvua kali yanabadilisha unyevu wa udongo wa kaskazini mwa Uingereza, na pale hewa inapoingia, vilivyokaa salama miaka 1,900 huanza kuoza. Hofu hiyo ni sehemu ya sababu Vindolanda Trust ilianza mwaka 2023 kuchimba ngome jirani ya Magna.

Pompeii: jina kubwa, sakafu iliyokwisha kufunuliwa

Vesuvius ulilipuka mwaka 79 BK. Mji una eneo la hekta 66 hivi, na karibu theluthi moja bado imefukiwa. Anayesoma hivyo hudhani atapewa mwiko na kufunua ukuta wenye picha ambazo hazijaonwa tangu siku ile. Sivyo. Uchimbaji mpya wa majivu, kama ule wa Regio IX (Regio ni jina la kila sehemu ambazo wanaakiolojia wameugawa mji) ulioanza mwaka 2023, hufanywa na hifadhi ya Pompeii yenyewe. Vyuo vya nje kwa kawaida hupewa majengo yaliyokwisha kufunuliwa zamani, wakachimba chini ya sakafu za mwaka 79 kutafuta Pompeii iliyotangulia. Tulane University ya Marekani, chini ya Allison Emmerson, inafanya hivyo katika mtaa wa Regio I.14 tangu mwaka 2022, na inapokea wanafunzi.

Hiyo haimaanishi kazi ni hafifu. University of Cincinnati ilifanya vivyo hivyo karibu na lango la Porta Stabia, kwenye mtaa wa maduka na migahawa ya watu wa kawaida, na ndani ya mfereji wa maji machafu wa mgahawa mmoja wakapata mfupa wa mguu wa twiga. Mnyama wa savana yetu aliishia kwenye mabaki ya jikoni chini ya Vesuvius. Ugunduzi wa namna hiyo hauji kwa kufunua picha za ukutani, unakuja kwa kuchekecha uchafu wa mfereji ndoo baada ya ndoo, na hiyo ndiyo kazi utakayopewa.

Kasoro ninayoiona Pompeii ni kwamba mazingira yake ni ya pekee mno. Umati wa watalii, taratibu kali za hifadhi, na mji uliochimbwa na kuchimbuliwa tena tangu mwaka 1748, hata sehemu ya kazi yako inakuwa kutambua mashimo ya wachimbaji wa zamani. Ni shule nzuri ya pili. Kama shule ya kwanza, ningesita.

Stobi: mji wa mito miwili

Stobi upo kwenye Makedonia Kaskazini, pale mto Crna unapoingia Vardar, kando ya barabara kuu inayotoka Skopje kwenda Ugiriki. Mwaka 167 KK Warumi waliufanya soko la chumvi kwa ajili ya Wadardani wa kaskazini. Baadaye ukawa na sarafu zake, ukumbi wake wa maonyesho, sinagogi, na katika karne za mwisho kanisa kuu la askofu lililojengwa juu ya jingine la karne ya 4. Sakafu ya chumba chake cha ubatizo ina tausi waliotengenezwa kwa vijiwe vya rangi, na tausi huyo yumo kwenye noti ya denari 10 ya nchi hiyo.

Balkan Heritage, shirika lenye makao Bulgaria, limekuwa likipeleka wanafunzi hapo kwa ushirikiano na taasisi ya Stobi yenyewe, kwa vipindi vinavyoanzia wiki mbili. Kuna mafunzo ya uchimbaji na kuna ya uhifadhi, hasa wa vyungu na michoro ya vijiwe. Hapa utajifunza kipindi ambacho shule nyingi za Kirumi hukipita haraka: karne ya 4 hadi ya 6, wakati dola ilipokuwa ikibadilika kuwa ya Kikristo na miji ikibadilika pamoja nayo. Makundi ni madogo, maisha ya Makedonia ni nafuu kuliko ya Italia, na ada kwa kawaida ni ndogo kuliko za vyuo vya Marekani, mara nyingi zikiwa zimejumlisha malazi na chakula. Jumla hiyo ndiyo inayopaswa kulinganishwa. Ada ya Vindolanda inaonekana ndogo kuliko zote mpaka uongeze chumba, nauli na chakula kwa bei za Uingereza.

Viza, bima na mwiko

Kwa mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, karatasi zinaweza kuamua kabla ya udongo. Italia ni viza ya Schengen: ada ya euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, bima ya afya isiyopungua euro 30,000, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Barua ya mwaliko ya chuo, yenye tarehe, anwani ya malazi na maelezo ya nani analipa nini, ina uzito mkubwa. Shule za Gabii na Pompeii zina vyuo nyuma yao vilivyozoea kuandika barua hizo.

Makedonia Kaskazini haimo katika Umoja wa Ulaya wala Schengen, kwa hiyo viza yake inashughulikiwa peke yake, na ukipita nchi ya Schengen njiani lazima uangalie masharti ya kupita.

Uingereza ina ugumu wake. Kanuni za viza ya mgeni zinaruhusu kujitolea kwa shirika la hisani lililosajiliwa kwa muda usiozidi siku 30, ila kujitolea kusiwe ndiyo sababu kuu ya safari. Kwa anayesafiri kutoka Mwanza kwa ajili ya Vindolanda tu, sharti hilo ni zito, na asilipe mchango kabla hajaandikia shirika na kusoma kanuni za wakati huo. Kwa Mswahili anayeishi Leicester au London hakuna kikwazo chochote, na ningemshangaa akivuka bahari kwenda Italia bila kujaribu kaskazini mwa nchi anayoishi.

Msaada wa fedha upo, ila si kwa wote. Archaeological Institute of America ina ufadhili wa Waldbaum kwa ajili ya shule za uchimbaji, unaolenga wanafunzi walio vyuoni Marekani au Kanada. Kijana wa Kikenya anayesoma Minnesota anaweza kuomba, anayesoma Nairobi hawezi. Huyu wa Nairobi amwandikie mkurugenzi wa mradi moja kwa moja. Miradi mingine hupunguza ada kwa mwanafunzi mmoja au wawili, hasa wenye ujuzi unaohitajika: anayejua kupima ardhi, kuchora vigae, au kutambua mifupa ya wanyama.

Vitu vya kubeba ni vichache. Waingereza hutumia mwiko wa chapa ya WHS wa inchi nne, Wamarekani wa chapa ya Marshalltown. Wowote kati ya hiyo utakufaa kokote, na mwiko wa fundi uashi wa kawaida ni mkubwa mno. Chukua buti zenye ncha ngumu, kofia pana kwa Italia na Stobi, koti la mvua la kweli kwa Vindolanda. Chanjo ya pepopunda iwe hai.

Kwa hiyo nani aende wapi

Mwanafunzi wa akiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au cha Nairobi, ambaye tayari amefanya mafunzo ya kuchimba nyumbani na anapata ufadhili: Gabii. Sitaki kuzungukazunguka hapo. Wiki tano za kuandika mfuatano wa kuta kwenye eneo lililo wazi zitamfaa popote atakapofanya kazi. Asiye na ufadhili aangalie Stobi, na achukue mafunzo ya vyungu kama yapo msimu huo.

Nina sababu ya kusisitiza vyungu. Mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 BK, uliotungwa kwa Kigiriki, unautaja mji wa Rhapta kwenye pwani yetu, soko la mwisho la nchi uliyoiita Azania. Mwanaakiolojia wa Tanzania Felix Chami na wenzake wameripoti shanga za Kirumi kutoka eneo la Rufiji. Kazi ya kutafuta mabaki ya biashara hiyo Mafia, Rufiji na kwingineko bado inaendelea, na inahitaji watu wanaoweza kuokota kigae kidogo cha mtungi wa Mediterania ufukweni wakajua ni nini. Hilo halifundishwi kwa picha. Linafundishwa mezani, penye mamia ya vigae, pamoja na mtu aliyeshika maelfu. Gabii na Stobi zina meza hizo. Bandari ya Berenike huko Misri, ambako kilichimbuliwa chungu chenye zaidi ya kilo saba za pilipili manga kutoka India, ingekuwa karibu zaidi na swali letu, lakini ule ni mradi wa watafiti. Mtu huufikia baada ya kuwa na ujuzi, si kabla.

Asiye mwanafunzi, anayeipenda tu historia na anaishi Uingereza, au ana pasi inayomruhusu: Vindolanda, bila shaka yoyote. Hakuna mahali pengine ninapopajua ambapo mtu wa kawaida anakaribishwa karibu hivyo na maisha ya watu wa kale. Anayewaza kazi ya uhifadhi wa makumbusho atazame Vindolanda kupitia Western University, au mafunzo ya uhifadhi ya Stobi. Pompeii namwachia aliyekwisha kuchimba msimu mmoja mahali pengine.

Kabla ya kulipa popote, andika barua pepe uulize mambo machache: msimu uliopita mwanafunzi mmoja alijaza fomu ngapi za tabaka kwa mkono wake, msimamizi mmoja anaangalia wanafunzi wangapi, siku ya mvua mnafanya nini, bima ya shimoni ni ya nani, na alama zinatolewa na chuo gani. Kwa shule za vyuo vya Marekani, angalia pia kama shule imethibitishwa na Register of Professional Archaeologists, chombo kinachosajili wanaakiolojia wa kitaalamu. Mkurugenzi mwenye shule nzuri hujibu maswali haya kwa urefu, maana ni mambo anayoyapenda. Vindolanda waandikie mapema, kabla ya Novemba. Vyuo vya Marekani hufunga maombi wakati wa baridi au mwanzoni mwa majira ya kuchipua, na viza ya Schengen itakula wiki kadhaa baada ya hapo, kwa hiyo anayetaka kuchimba Juni awe na barua ya mwaliko mkononi kufikia Machi.